Gari la Bibi Kazija

Mkwizu, tajiri wa yadi ya magari, alimwambia Bibi Kazija bila hata kuchungulia dashibodi, "Miaka ishirini? Hicho ni chuma chakavu. Nakupa milioni mbili." Bibi alihitaji nane aezeke nyumba upya.

Kesho yake mjukuu wake Zamoyoni, ambaye Mkwizu hakumjua, alifika yadi akagonga boneti ya gari la aina hiyohiyo. "La miaka ishirini hili. Chukua milioni mbili, mzee."

Wateja wakacheka.

"Binti, umri si kitu, tazama kilomita. Laki moja tu, ndiyo maana nauza nane. Lingekuwa na elfu thelathini, ningelinunua mwenyewe kwa kumi."

"Unasema mbele ya wateja wako?"

"Mbele yao."

Zamoyoni akageukia geti. "Bibi, liingize. Mzee anataka kuziona zile elfu ishirini na nane."