Mkono wa Trafiki na Taa Nyekundu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, maana barabara ilikuwa na lami na lami ilikuwa na mashimo, palikuwa na mshona sare aitwaye Siwema. Alichoka kuchelewa kazini, akanunua baiskeli. Akamwendea Bi Somoe, tarishi mstaafu aliyeendesha baiskeli mjini miaka thelathini. "Nifundishe nisiogope magari."

Bi Somoe akamfundisha. Usijibanze mtaroni, shika njia yako. Akashika. Ukikata kona, nyoosha mkono. Akanyoosha. Taa ikiwa nyekundu simama, hata wakupigie honi mpaka betri ziishe. Akaapa atasimama.

Siku ya kwanza peke yake akafika njia panda. Taa nyekundu. Lakini katikati yuko trafiki, Afande Ngonyani, anapunga mkono: piteni! Siwema akatazama taa, akatazama mkono, akatazama tena taa. Akasimama. Nyuma yake Kibwana, dereva wa bajaji, hakusimama. Gurudumu la baiskeli likapinda kama ndizi.

Kituo cha polisi, Bi Somoe naye akiwa ameitwa, karani akatoa fomu. "Mkosaji: jina moja. Atakayeandikwa anaondolewa barabarani mwaka mzima, awe dereva, askari au mwalimu. Fomu isipojazwa kabla ya saa kumi, baiskeli inaingia mnadani."

Kibwana akaruka. "Mkono wa trafiki unaishinda taa! Mimi nimetii. Dada kafunga breki kama kaona simba!"

"Ungeacha nafasi, ungetii bila kumgonga mtu," akasema Bi Somoe.

Afande akakohoa. "Mimi niliita magari. Baiskeli sikuiita."

"Mbona ulikuwa unaniangalia mimi, afande?" akauliza Siwema.

"Nilikuwa nashangaa."

Kibwana akamgeukia mwalimu. "Na wewe mama, habari za trafiki hukumfundisha?"

"Tumefanya mazoezi palepale wiki mbili, kila siku saa nne. Saa nne afande yuko kwenye supu. Nimfundishe mtu ambaye hayupo?"

Siwema akashika kichwa. "Basi niandikeni mimi."

"Wewe ni mlalamikaji," akasema karani. "Mtu hakai kwenye visanduku viwili."

Akampa kalamu, akamkumbusha ni ya ofisi. Saa kumi kasoro dakika tano.

Enyi mnaosikiliza, mshale wa saa unatembea: dereva aliyetii mkono, trafiki aliyeupunga, au mwalimu aliyefundisha taa peke yake? Je, nani alistahili kuandikwa?