Kalamu Iliyolia Shimoni

Sogeeni karibu. Mwoga akae katikati. Anayejidai si mwoga akae pale mlangoni, mgongo nje, tumwone atavumilia mpaka wapi. Hii si hadithi ya sungura. Wa kuchekwa humu ni askari mmoja tu, na hata yeye mngekuwa nyinyi mngekimbia kumpita.

Palikuwa na watu wa msituni, warina asali, kabila dogo ambalo serikali ikilihesabu haichoki. Waliishi kwenye vilima vitatu, kila ukoo na kilima chake. Kwao mtu hatundiki mzinga kwenye kilima cha wenzake, sembuse kuweka kitanda. Kila kilima nitawatajia mtu mmoja. Wengine siku ile walitetemeka tu, na kutetemeka hakuhitaji jina.

Kilima cha Mianzi kilikuwa na Tabarno, mjane, mwenye masikio. Najua nyote mna masikio, lakini ya kwenu ni ya kutundikia hereni. Tabarno angesimama chini ya mti akakwambia kama nyuki wa huko juu wana malkia au hawana.

Kilima cha Mitarakwa kilikuwa na Mzee Lesingo, mwenye kumbukumbu ya ardhi. Jina la mkwe wake alilisahau kila wiki. Lakini mahali alipokanyaga mara moja, jiwe lake na mzizi wake, hapasahau miaka hamsini.

Kilima cha Chemchemi kilikuwa na Sironga, mtu wa makamo, mdomo mchafu, mikono safi. Alipanda mti usio na tawi la chini kama wewe unavyopanda kitandani, na nyuki walimtembelea usoni bila kumdhuru, mradi asiwaudhi.

Sasa sikieni hofu yao. Mwaka uliotangulia malori yalifika kwa jirani zao ng'ambo ya mto. Wakashuka watu wenye mafuta ya taa, wakasema msitu una mwenyewe, wakachoma kila nyumba, na kuku ndani. Jengo moja tu halikuguswa, bohari ya mawe yenye kibao cha serikali ukutani. Na vibanda saba vilivyoiegemea navyo vikapona, kwa kuogopa moto usirukie paa la serikali. Watu wa vilima vitatu walitazama kutoka ng'ambo. Wakajifunza.

Ndipo ikaja barua. Serikali ina mikono mingi, na mkono wenye kiberiti haumwambii mwenzake. Barua ilisema kuna fungu la kuinua uchumi wa jamii ndogo, na wao watajengewa nyumba ya asali ya mawe na mabati, yenye mashine ya kukamua na kibao mlangoni. Nyumba moja. Afisa angekuja kutazama mizinga, achague kilima kimoja, atie sahihi kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikipita, fungu linarudi Hazina.

Mnadhani kuna aliyezungumzia asali? Walizungumzia kibao.

Afisa akaja, Bwana Maghanga, mnene, mpole, na kalamu ya kubonyeza. Mkutano mzima kidole hakikutulia. Tik-tik. Tik-tik.

"Bwana mkubwa," Sironga akasema, "hiyo kalamu ina kiroboto?"

Watu wakacheka. Ndicho kicheko cha mwisho siku ile.

Alasiri afisa akaenda kutazama mizinga, na askari wa msitu mbele yake na bunduki. Wakafika penye kijito, mahali vilima vyote vitatu vinapokutana. Ukungu ukashuka ghafla, ule mzito wa kuweka mkono usiuone. Na ndani ya ukungu akatoka mbogo.

Baada ya muda askari akatokea kijijini peke yake, buti moja mguuni.

"Afande, afisa yuko wapi?" Lesingo akamuuliza.

"Alikuwa nyuma yangu."

"Na bunduki?"

"Ilikuwa mbele yangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?" Sironga akadakia.

"Juu ya mti," askari akasema, na machozi yakamtoka. "Sikilizeni. Jioni nitaulizwa kambini. Nikisema afisa aliingia kwenye msitu wenu hakutoka, mnajua wenyewe ni akina nani watakuja."

Walijua. Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake waliingia ndani wakaanza kufunga vitu, na hiyo ndiyo sauti ya hofu kuliko zote, nguo kufungwa mafundo watu wamenyamaza.

Tabarno akasema, "Acheni kufunga. Tulieni kabisa." Wakatulia. Mbali, chini kule, tik-tik. Msitu ule hauna ndege wa kulia hivyo, wala mdudu. Afisa alikuwa ametumbukia shimoni, mbogo amesimama ukingoni akimpumulia kichwani. Kuita hakuthubutu, basi akabonyeza kalamu. Tabarno akaufuata mlio ule peke yake, kama kipofu ndani ya ukungu. Alipokaribia akasikia kitu cha pili, pumzi nzito, ya kitu kikubwa chenye hasira. Hakurudi. Alijibanza nyuma ya mianzi, karibu kiasi cha kuweza kushika mkia, akapiga mluzi kama ndege ili wenzake wajue mahali. Kisha akabaki palepale akipiga mluzi, maana angenyamaza wangepotea. Mkojo ulimtoka. Alisema mwenyewe baadaye, wala hakuona haya.

Sironga alipousikia mluzi alijua umetoka chini ya mti wake. Juu ya mti ule ulining'inia mzinga wa baba yake, mzinga mama. Makundi yote ya nyuki aliyokuwa nayo yalizaliwa humo. Akaupanda mti bila moshi, kwa sababu moshi ungemshtua mbogo, na huku akipanda alimsikia chini yake akichimba udongo kwa kwato. Akazikata kamba za mzinga, akausukuma. Uliangukia mgongo wa mbogo, ukapasuka. Yule mnyama aliondoka na mianzi, sauti yake ikateremka bonde hadi ikafa. Nyuki waliobaki wakamrudia aliyewaudhi. Sironga alishuka kwa kupapasa, macho yamefumba kwa uvimbe, na kundi lile halikurudi tena.

Lesingo alikuta vijana wameshateremsha kamba shimoni. "Msimvute!" akafoka. "Mkimvuta mnamuua. Humo mna miti minne iliyochongwa ncha, na mmoja uko chini ya tumbo lake."

"Umejuaje, mzee?" askari akauliza. Alikuwa amefika na buti lake moja.

Hapo watu waliganda. Shimo la kunasia wanyama ni jela, na miaka yote watu wale walikuwa wameapa hawana. Lesingo alimtazama askari, akalitazama shimo.

"Kwa sababu nilichimba mimi. Mti wa mtarakwa hauozi. Wa kwanza uko upande wa mawio."

Akateremka macho amefumba, akiweka mguu pale alipouweka akiwa na miaka ishirini. Udongo ulimomonyoka, afisa akalia kwa sauti ndogo kama mtoto. Mzee akamwambia, "Pumua kidogo kidogo, baba. Mguu wa kulia. Sasa wa kushoto. Usiangalie." Akamtoa kinyumenyume, mzima, ila paja limechanika. Askari hakuwa na bunduki lakini daftari alikuwa nalo. Akaliandika jina la Lesingo.

Alhamisi Bwana Maghanga alirudi kwa magongo, uso umevimba kwa miiba ya nyuki, karatasi mkononi.

"Mizinga sikuiona," akasema. "Nimewaona watu. Nitaandika kilima cha aliyeniokoa. Niambieni ni nani."

"Andika vyote vitatu," bibi mmoja akasema.

"Nafasi ni moja, mama. Nikiandika vitatu itarudishwa, na kesho ni Ijumaa."

"Basi ijengwe katikati, pale vinapokutana."

"Pale ni penye kijito. Sheria hairuhusu."

Askari, aliyekuja naye, akainama akamnong'oneza Lesingo, lakini ukimya ulikuwa mkubwa, wote wakasikia. "Mzee, afisa kupona hakujazuia kitu. Malori manne yako kambini. Wameshayatia mafuta."

Ndipo midomo ikafunguka. Mbele ya hofu, watu waliookoana wanaweza kurukiana kama kuku wa tenga moja.

"Lesingo asiseme kitu!" akapaza mtu wa Chemchemi. "Shimo si lake? Angetumbukia wapi kama si humo?"

"Kama si shimo," Lesingo akajibu, "mbogo angemmaliza juu ya ardhi, na leo ungekuwa unazoa majivu. Na jina langu liko daftarini. Lako liko wapi?"

"Na Sironga je?" akasema mtu wa Mianzi. "Nani alimwambia afisa apite huko? Si alitaka mzinga wake usifiwe?"

"Ndiyo, nilitaka," Sironga akasema, na jicho lilikuwa halijafunguka. "Basi nionyeshe huo mzinga sasa, tuusifu pamoja."

"Tabarno alisikia tu," akasema mtu wa Mitarakwa. "Kusikia hakuchani ngozi."

Tabarno akasimama. "Nitawaambia jambo msilolijua," akasema. "Kalamu ile niliisikia kabla afande hajafika. Nikajiambia ni mdudu. Nilijua si mdudu. Niliogopa. Niliinuka nilipoona mnafunga nguo."

"Unajiharibia, shemeji," Lesingo akamwambia polepole.

"Sijiharibii. Kilima changu ndicho cha kwanza kutoka barabarani. Wakija, wanaanza na mimi. Nataka nyumba hiyo kuliko nyote. Lakini sitaitaka kwa uongo."

Bwana Maghanga akaifuta miwani, akaivaa, akaifuta tena. Akaweka karatasi gotini. Akaitoa kalamu.

Tik-tik.

Watu wa vilima vitatu wakaiinamia karatasi. Na Tabarno, yule mwenye masikio, akayaziba kwa viganja vyote viwili.

Haya. Mimi sisemi zaidi, na msinitazame hivyo. Bila masikio afisa asingejulikana alipo. Bila mzinga mbogo asingeondoka. Bila ule ulimi wa mzee uliojipeleka jela, wangemvuta wakamuua kwa mikono yao wenyewe. Lakini nyumba ni moja, na malori ni manne.

Wewe uliyekaa mlangoni, ndiyo, wewe usiyeogopa, shika kalamu. Ungeandika kilima gani? Na ukishaandika, tuambie pia jambo la pili. Wale wa vilima viwili vilivyobaki, ungewatazama vipi usoni?