Kamba ya Kiboko na Tumbo la Digidigi

Hadithi inabisha hodi!

— Karibu, iingie!

Iingie na viatu?

— Ivue mlangoni!

Basi imevua, imekaa mkekani. Sogeeni.

Hapo kale Kiboko alijenga soko la bima kando ya mto. Mnyama alilipa vibaba vya kunde, akapewa kadi, na siku akiugua alitibiwa katika zahanati iliyokuwa ndani ya ua wa soko. Kila aliyenunua kadi alipimwa tumbo kwa kamba ya ukindu, na kamba yake ikatundikwa kwenye lango la zahanati.

Digidigi alikuwa na kadi tangu masika. Sasa alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na mtoto amelala upande tumboni. Mwaka uliopita mtoto wake mwingine alilala hivyo hivyo, na hakupona. Aliyejua kumgeuza mtoto alikuwa mmoja tu: Bi Kobe, mkunga wa zahanati. Angetoka amfuate Digidigi nyumbani, lakini kobe ni kobe. Angefika mtoto keshaota pembe.

Digidigi akafika langoni, tip tip tip. Nungunungu mlinzi akatungua kamba yake, akamzungushia. Kamba haikufika.

"Tumbo limezidi, dada. Kadi imekataa."

Akarudi sokoni kutafuta kadi nyingine, akaenda kibanda cha kwanza. "Kadi yenu inatibu nini?"

"Pembe iliyovunjika."

"Na uzazi?"

"Mh! Nenda mbele."

Akaenda kibanda cha pili. "Kadi yenu inatibu nini?"

"Manyoya ya shingoni yakinyonyoka."

"Na uzazi?"

"Mh! Nenda mbele."

Akaenda kibanda cha tatu. "Kadi yenu inatibu nini?"

"Majeraha ya kupigania mke."

"Na mke mwenyewe?"

"Mh! Nenda mbele."

Mbele alikaa Kiboko mwenyewe, anatafuna kunde za wenye kadi, kwachu kwachu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Kwa nini tunapimwa kwa kamba? Si tuulizwe tu?"

Kiboko akageuza macho, akatazama mto. "Yale... yale mambo yenu. Dume zima kama mimi niyatamke? Kamba inatosha. Tumbo likizidi kamba, kadi imekataa."

"La kila mtu?"

"La kila mtu! Hata kamba yangu imetundikwa pale. Nilitangaza mbele ya soko zima."

"Sheria safi, mzee," akasema Digidigi, akaondoka, tip tip tip.

Asubuhi akarudi na kikapu kikubwa cha kunde kavu.

"Mzee, zawadi yako. Ila nakuomba, ukishakula usinywe maji."

"Nani? Wewe kijimama, unikataze maji? Mto wa nani huu?"

Akala kikapu chote, kwachu kwachu. Akainamia mto, gubu gubu gubu. Kunde zikaanza kuvimba. Tumbo likawa kama ngoma, likawa kama kichuguu, likawa kama kilima. "Yalaa! Nakufa! Nipelekeni zahanati!"

Langoni Nungunungu akatungua kamba ya Kiboko, akamzungushia. Kamba haikufika.

"Tumbo limezidi, mzee. Kadi imekataa."

"Mjinga wewe! Kata kamba!"

"Siwezi, mzee. Sheria uliitangaza mbele ya soko zima. Ifute mbele ya soko zima."

"Nayo ni rahisi," akasema Digidigi. Alikuwa amemtangulia, amesimama pale langoni. "Yataje tu yote ambayo kamba ilikuwa inayazuia."

Kiboko akanong'ona, "Mimba."

"Hatusikii, baba!" wakapaza Tembo na Swala na majike wote wa soko.

"MIMBA! Uzazi! Hedhi! Kunyonyesha! Matiti! Kadi inatibu yote! Kamba hakuna tena! Yalaa, nifungulieni!"

Digidigi akazing'ata kamba, kwacha, kwacha, zikaanguka chini. Kiboko akajisukuma kuingia.

"Foleni, mzee," akasema Nungunungu. "Mwenye mimba kwanza."

Bi Kobe akaweka mikono juu ya tumbo la Digidigi. Geuka, mwanangu. Geuka kidogo. Digidigi alifumba macho, hakupumua. Geuka tena. Mtoto akageuka. Jua lilipopanda akatoka kichwa kwanza, akapiga chafya, chii! Digidigi akamlamba, akalia, akacheka.

Ndipo Bi Kobe akaanza safari ya kwenda kumtibu Kiboko, kutoka kitanda hiki hadi kile. Alipofika ilikuwa alasiri, na kunde zilishajitafutia njia. Puuuu! Soko zima likakimbia.

Na funzo ni hili, wasichana wenzangu: msiulize maswali sokoni. Mpelekeeni mkubwa chakula chake, na mumkataze maji kwa adabu.

Hadithi imevaa viatu vyake.

— Iende salama!

Ikikutana na Kiboko njiani?

— Ilisalimie tumbo lake!