Mfalme wa Kizibo

Mfalme halazwi na mwenyewe.

Methali hii ilianzia hapahapa Songea, kwa mwoka mikate mmoja asiyejua kutulia. Wewe Tumsifu, umeuliza kwa hasira mfalme huyo ni nani, lakini swali zuri ni zuri hata likitoka kwa mwenye hasira. Umefunga mkoba wako, unataka kuacha masomo ya jioni kabla ya mtihani, kwa kuwa unaona umekwisha kufeli. Mwalimu amekuambia maneno hayo manne ya midomo ya watu, akaenda zake darasa lingine. Ninyi wengine mmecheka, na hakuna anayejua mfalme huyo alikuwa nani. Basi keti kidogo, mjukuu wangu. Mimi ni mwanafunzi mwenzako, umri tu ndio unaotutenganisha. Nilikuwapo siku methali hiyo ilipozaliwa. Nilikuwa napika chai.

Nyuma ya kanisa letu kulikuwa na ukumbi wa parokia. Jumamosi, wanakwaya wakishaondoka, ukumbi ulikuwa wa watu wa sataranji. Asiyeujua mchezo huo aelewe hivi: ni ubao wa miraba, na kila mchezaji ana mfalme na jeshi lake. Mfalme akishambuliwa na akawa hana pa kukimbilia, amekufa na mchezo umekwisha. Ila wachezaji wana desturi yao. Anayeona kwamba ameshindwa hangoji kuuawa. Humshika mfalme wake kwa vidole viwili, akamlaza ubavu, akampa mwenzake mkono. Kwa watu wengine hiyo ilikuwa heshima. Kwa Anaklet Mapunda ilikuwa ugonjwa.

Anaklet alikuwa na tanuri la kuni karibu na soko. Alianza sataranji akiwa na mvi, akaupenda mchezo kuliko chakula. Lakini hakuweza kungoja. Goti lake lilicheza chini ya meza mpaka kete zikatetemeka. Akishasogeza kete, alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akainama, akaenda tena. Hata mikate yake ilimjua. Alifungua tanuri kabla haijaiva, ikanywea katikati kama mto uliokaliwa. Mwishowe mkewe, Rozina, alimkataza kugusa mlango wa tanuri. Yeye akande, mke afungue.

Mchezo ukianza kumwendea vibaya, mateso yake yalikuwa ya kuonekana kwa macho. Hofu ya kushindwa ilimuuma kuliko kushindwa kwenyewe. Basi alimlaza mfalme mapema ili maumivu yaishe.

Kila mwaka klabu yetu ilishindana na klabu ya Mbinga, watu watano kwa watu watano. Mshindi alichukua birika kubwa la shaba, akalinywea chai mwaka mzima. Msicheke. Birika lile lilitoa chai ya ukumbi mzima, na mkono wake ulikuwa umetengenezwa upya na fundi wetu. Miaka mingi lilikuwa letu. Nililisugua mimi kwa ndimu na majivu mpaka nikajiona uso.

Mwaka mmoja wakalichukua, na aliyewapa ni Anaklet. Mchezo wake ulikuwa wa mwisho. Mpinzani wake, Ndunguru, mnunuzi wa kahawa, mtu wa maneno mengi na tumbo la furaha, alisogeza mbele malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote. Anaklet akatazama, akaenda dirishani, akarudi, akamlaza mfalme.

Ndunguru hakumpa mkono mara moja. Alikuwa mtu mwaminifu.

"Shemeji," akasema, maana mkewe alikuwa wa ukoo wa akina Mapunda, "mbona umemlaza? Ungeniletea farasi wako hapa, ningekuwa taabuni mimi."

Watu wakakusanyika mezani. Editha Ngonyani, kiongozi wa klabu, mpimaji wa maabara hospitalini, akaisogeza kete ya farasi pale alipoonyesha, akauchunguza ubao. Ilikuwa kweli. Malkia wa Mbinga alikuwa amejiingiza mtegoni. Anaklet alikuwa amekimbia vita alivyokuwa akivishinda.

Mfalme akishalazwa, hainuliwi. Birika likapanda gari kwenda Mbinga, na sisi tukaanza kuchemsha chai kwenye sufuria iliyopikiwa maharage.

Anaklet hakulala vizuri tangu siku hiyo. Rozina aliniambia alikuwa akipiga magoti kusali, kisha katikati ya sala anainuka, anakwenda kuutazama ubao, anarudi kumalizia.

"Unaomba utulivu huku unatembea," Rozina alimwambia. "Mungu akupatie wapi?"

Akaazima vitabu vya mchezo. Akakariri namna za kuanza mchezo, ya Wahispania na ya Warusi, akawa anamsomea Rozina huku anakanda unga. Jumamosi ikifika, alianza vizuri ajabu. Kisha mpinzani angecheza jambo lisilo kitabuni, goti lingeanza, dirisha, ubao, dirisha, na mfalme chini. Wenzake walianza kuchoka. Editha akamwambia, kwa adabu lakini bila kupepesa, "Baba, safari hii utacheza na Mbinga. Usipobadilika, mwakani kiti chako nampa mwingine. Sitakuficha."

Anaklet aliniomba chai, akaiacha ipoe mkononi.

Ndipo Mzee Kapinga akamwita pembeni. Kapinga ndiye aliyeileta sataranji mjini kwetu. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mkali, mwenye masikio makubwa na utani wa kuumiza.

"Mapunda," akamwambia, "kichwa chako kizima. Kasoro yako ni makalio. Hayakai."

"Nifanyeje, mzee?"

"Njoo nyumbani kila jioni. Vitabu viache."

Jioni ya kwanza Kapinga alipanga ubao. Upande wake akaweka malkia, ngome na askari tele. Upande wa Anaklet akaweka askari wachache tu. Mahali pa mfalme akaweka kizibo cha soda.

"Mfalme wangu yuko wapi?" Anaklet akauliza.

"Ndiye huyo."

"Hiki kizibo?"

"Ndiyo. Tayari amelala. Sasa tuone utamlaza vipi tena."

Wakacheza. Anaklet aliuawa upesi. Wakapanga tena, akauawa tena. Mkono wake ulikwenda kwa mfalme kila mara, kwa mazoea, ukakuta kibati kilichobapa, ukarudi. Hakuwa na njia ya kutoka ila kucheza mpaka mwisho. Kapinga alimruhusu jambo moja tu, kuuliza.

"Niulize uko wapi, niulize uelekee wapi. Usiniulize kama umeshindwa. Hiyo kazi niachie mimi."

Jioni moja alimwonyesha sheria ambayo wengi huisahau. Mfalme akiwa hashambuliwi, lakini hana hata mraba mmoja wa kukanyaga kwa usalama, na askari wake wote wamezibwa, mchezo umekwama. Hakuna aliyeshinda. Ni sare.

"Hata kama mwenzake ana jeshi zima?" Anaklet akauliza.

"Hata akiwa na majeshi mawili. Hiyo ndiyo huruma pekee iliyomo katika mchezo huu. Lakini huipati ukiwa umeondoka."

Mimi niliwaona jioni nyingi, nikipita kutoka kisimani. Goti liliendelea kucheza. Nisiwadanganye, goti la Anaklet lilicheza mpaka alipozikwa. Lakini dirishani hakwenda tena. Alijifunza kuuawa akiwa ameketi. Nilimuuliza Rozina kama mumewe ameanza kushinda. Akasema, "Bado. Ila sasa anamaliza sala bila kuinuka."

Siku ya mashindano Mbinga walikuja na birika. Walikuwa wamelisugua kwa mchanga, likakwaruzika, nikaumia moyoni. Liliwekwa juu ya meza ya mbele kila mtu alione.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na watu walisogeleana masikio ili wasikizane. Michezo minne ikaisha. Klabu yetu ilikuwa mbele kidogo. Kama Anaklet angepata sare tu, birika lingekuwa letu. Kama angeshindwa, pande zote mbili zingelingana, na kwa desturi wakilingana birika hubaki kwa aliyekuja nalo.

Anaklet alikuwa anashindwa.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ndunguru, aliyepangiwa naye tena, alikuwa amemlia jeshi lake lote isipokuwa askari mmoja, na huyo askari alikuwa amezibwa pua kwa pua na askari wa Mbinga. Mfalme wa Anaklet alikuwa amesukumwa mpaka pembeni kabisa mwa ubao. Ndunguru bado alikuwa na malkia. Editha aligeuka akaanza kukunja vitambaa vya meza, ili mikono yake iwe na kazi.

"Shemeji," Ndunguru akasema, "chai inapoa."

Anaklet akasogeza mfalme mraba mmoja.

Ndunguru akasogeza malkia. Anaklet akasogeza mfalme tena. Goti lake lilikuwa linaigonga meza, na kete zilikuwa zinatetemeka. Nikaona mkono wake wa kulia ukiinuka, ukamfikia mfalme, vidole viwili vikamshika kichwani. Nikafumba macho. Nilisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, maana ilikuwa jina la Bwana tu.

Nilipofumbua, mfalme alikuwa amesimama, katika mraba wa kona. Mkono wa kushoto wa Anaklet ulikuwa mfukoni, na ulikuwa unageuza kitu. Mimi nilikijua.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Ndunguru ndiye aliyeanza kuhangaika. Mwaka uliopita mtu huyuhuyu alijilaza bila sababu. Leo sababu ipo, kubwa kama nyumba, naye amekaa. Ndunguru akatazama saa ya ukutani. Akatazama birika. Akawaambia wenzake wa Mbinga walipange vizuri kwenye kapu lisigongwe njiani. Kisha akasimama, akaenda dirishani kutazama mvua, akarudi, akamsogeza malkia karibu na kona, akiwa bado amesimama, uso wake umeelekea kwenye kapu.

"Haya," akasema, akanyoosha mkono apewe.

Anaklet hakuupokea. Aliutazama ubao kwa muda mrefu hata mtu mmoja wa Mbinga akaguna.

"Niende wapi?" akauliza.

"Nenda utakako, shemeji. Ubao ni wako."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Mahali pamoja tu. Nitakwenda hapo."

Watu wakacheka, na Ndunguru akacheka nao, akainama na kidole chake kinene. Akakiweka kwenye mraba wa kando ya mfalme. "Nenda ha..." Akanyamaza. Malkia aliutawala mraba ule. Kidole kikahamia mraba wa pili. Malkia. Wa tatu, malkia tena. Kikamrudia yule askari mmoja, aliyezibwa pua kwa pua. Kisha akatafuta kama mfalme mwenyewe anashambuliwa pale alipo, na hakuwa anashambuliwa. Kidole kikabaki hewani.

Kicheko kilikatika kidogokidogo, mvua ikasikika peke yake. Ndunguru akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi nyumbani.

"Amekwama," akasema Mzee Kapinga kutoka nyuma. "Sare."

Editha alikuwa ameshika kitambaa kilichokunjwa nusu. Alikikunjua, akakitandika tena mezani, akajifuta macho kwa ncha yake.

Nililitoa birika kapuni kwa mikono yangu. Tulikunywa chai pamoja, Songea na Mbinga, na mikate ya Rozina iliyoiva. Ndunguru alikula kuliko wote. Alikuwa anatikisa kichwa.

"Nilikuwa namngojea amlaze," akasema. "Nilikwisha kumzoea. Kumbe nilikuwa namtegemea yeye anishindie."

"Na mimi ningekushindia," Anaklet akamwambia. "Vidole vilikuwa vimekwisha kumshika."

"Nini kilikuzuia?"

Anaklet akatoa kile kizibo mfukoni, akakiweka mezani katikati ya vikombe. Ndunguru akakigeuza huku na huku asielewe. Mzee Kapinga akajibu kwa niaba yake, mdomo umejaa mkate:

"Mfalme halazwi na mwenyewe. Amlaze adui, kama anaweza."

Maneno ya mwisho watu waliyasahau. Yale ya kwanza Rozina akayapeleka sokoni pamoja na mikate. Akamwambia jirani aliyetaka kuing'oa mihogo yake kwa sababu mvua imechelewa, na wiki ile mvua ikaja. Akamwambia na mwingine, na mihogo ya huyo ikakauka kweli, lakini hata yeye hakuyakana maneno. Editha akayapeleka hospitalini. Siku hizi yanasemwa na watu ambao hawajauona ubao wa sataranji tangu wazaliwe, kama mwalimu wetu.

Anaklet alibaki na kiti chake. Hakuwa bingwa kamwe. Alishindwa michezo mingi baada ya hapo, nami nilikuwa nikimpelekea chai wakati anauawa. Aliinywa ikiwa moto.

Tumsifu, sijui kama utafaulu. Mimi mwenyewe sijui kama nitafaulu, na hesabu zile za sehemu zinanitoa jasho kuliko wewe. Huenda mtihani ukatulaza sote wawili. Lakini hiyo ni kazi ya mtihani, mjukuu wangu, usiufanyie wewe. Fungua huo mkoba, utoe kitabu, unionyeshe tena lile swali la jana.

Mfalme halazwi na mwenyewe.