Zimwi Aliyewekewa Samaki

Paukwa.

Pakawa.

Paliondokea mji, na mji una msikiti, na msikiti una birika, na birika lina samaki.

Samaki yule alitiwa humo ale viluwiluwi vya mbu, ili maji ya kutawadhia yawe safi. Aliyemtia ni marehemu baba yake Mwanamkasi, ambaye kazi yake ilikuwa kulijaza birika. Alimpokea kwa msafiri aliyesema, "Nitunzie, nitarudi," kisha akaenda zake asirudi. Mzee akamwita samaki Shuwari. Na siku ya kufa kwake alimwambia binti yake neno moja: "Samaki huyu ni amana, haliwi."

Basi Shuwari akala, akakua, hata akawa mpana kama sinia. Utulivu wa jina lake hakuwa nao. Mtu akiinama kutawadha, yeye hupiga mkia, na kanzu ya Ijumaa ikarowa hadi kifuani.

Siku moja, asubuhi, msimamizi wa msikiti, Mzee Vuai, alimwita Mwanamkasi huku akikamua upindo wa kanzu yake.

"Binti yangu, birika hili limejengwa sisi tutawadhe, au samaki atutawadhishe?"

"Mtawadhe, mzee wangu."

"Basi atolewe, akaangwe. Nimevumilia, na kanzu zangu zimevumilia."

"Samaki huyu ni amana, haliwi. Nipe siku ya leo nimtafutie makao."

"Leo nimekupa. Jua likizama, kikaango kitakuwa motoni."

Mwanamkasi akamtia Shuwari katika chungu kipana, akajitwika, akashika njia.

Alifika kwa shangazi yake, Bi Rehani, mwenye pipa la maji ya mvua. Bi Rehani akachungulia chunguni, uso ukamkunjuka.

"Umefanya vyema, mwanangu. Ndimu ninazo, na nazi nimekwisha kukuna."

"Shangazi, sikukuletea kitoweo. Samaki huyu ni amana, haliwi. Naomba akae pipani mwako."

"Haliwi? Sasa mimi na yeye tukae tukitazamana hadi lini? Mpeleke kwa asiye na njaa."

Mwanamkasi akajitwika chungu, akashika njia.

Alifika kwa mwenye shamba mmoja, mwenye kisima kirefu. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Watu wanakunywa humu, bibi. Nikimtia huyu, watasema nawanywesha magamba."

Mwanamkasi akajitwika chungu, akashika njia.

Alasiri ikaingia. Maji ya chunguni yakapata moto, na Shuwari akawa anahema juujuu, kinywa nje. Yalibaki maji mamoja tu, ziwa la Zimwi, ambako watu hawakanyagi.

Mwanamkasi alisimama njia panda, akafikiri. Baba yake alimfundisha kwamba mazimwi wana sharti walilowekewa tangu kuumbwa kwao: zimwi akivunja neno, meno yake nayo huvunjika. Akalishika jambo hilo moyoni kama alivyokishika chungu kichwani, akaenda.

Ukingoni mwa ziwa palikuwa na Zimwi ameketi, kinywa kimoja mbele na kingine kisogoni.

"Shikamoo, babu," akasema Mwanamkasi.

Zimwi alishtuka. Tangu azaliwe hajapata kuamkiwa. "Marahaba," akajibu, kwa kukosa la kusema. "Chunguni mna nini?"

"Mna samaki."

"Mnono?"

"Mpana kama sinia."

"Nipe."

"Kukupa siwezi, si wangu. Nitakuwekea. Sema umempokea, nami nitammimina."

Zimwi akaona riziki mbili, moja ndani ya chungu na moja chini ya chungu. Tofauti ya kupewa na kuwekewa hakuishughulikia. Mate yalikuwa yakimtoka vinywa vyote viwili.

"Nimempokea," akasema. "Nimempokea. Nimempokea. Haya, mimina."

Mwanamkasi akammimina. Shuwari akapiga mkia, akamlowesha Zimwi uso mzima, akazama. Zimwi akainuka amfuate.

"Samaki huyu ni amana, haliwi," akasema Mwanamkasi. "Umempokea kwa neno, tena mara tatu. Ukimla, neno limevunjika. Yaangalie meno yako."

Zimwi akayapapasa meno kwa ulimi, moja baada ya moja, mbele na kisogoni. Yote bado aliyapenda.

"Basi nitakula wewe."

Mwanamkasi hakurudi nyuma hata hatua.

"Nami ndiye niliyeweka. Ukinimeza, amana utamrudishia nani?"

Zimwi akafikiri. Kwa kufikiria tu, gego moja likatikisika. Akafumba vinywa upesi.

"Utamchukua lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Msafiri akirudi."

"Atarudi lini?"

"Hakusema."

Mwanamkasi akarejea mjini na chungu kitupu. Mzee Vuai alikuwa mlangoni mwa msikiti, jua likizama. Akachungulia chunguni, akaona hamna kitu.

"Kikaango nitawaambia wakitie vitumbua," akasema.

Masika yalipokwisha, Mwanamkasi alikwenda kumtazama Shuwari. Alimkuta Zimwi amekonda, anatafuna magimbi, na fimbo mkononi ya kufukuzia korongo.

"Amana yako imezaa na samaki wangu," Zimwi akalalamika. "Watoto je? Nile wadogo tu."

"Watoto wa amana ni amana."

"Lakini wamechanganyika. Simjui wako, simjui wangu."

"Basi usile hata mmoja, babu, usije ukakosea."

Zimwi akalitazama ziwa lililojaa samaki wanene. Akaguna, akachukua gimbi jingine.

Hadithi yangu imeishia hapo, wajukuu zangu. Mafunzo yake ni haya: ukiwekewa kiumbe, usimchoke kwa kuwa amekua, mtunze, au mtafutie atakayemtunza, hadi mwenyewe atakapokuja.

Na hadithi hii sikuwapeni, nimewawekea. Mmeipokea?

Tumeipokea.

Basi yaangalieni meno yenu.