Hukumu Aliyopewa Respicius

Mtoto akizaliwa na jicho moja bovu, majirani husema ana chongo. Mama yake husema ana kengeza kidogo tu, tena ukimtazama kwa upande mzuri hata halionekani. Jicho ni lile lile. Majirani wameliangalia kwa macho, mama ameliangalia kwa moyo. Ndiyo maana wahenga walitwambia kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hiyo Nkatha aliijua tangu shuleni, lakini alikuwa mtu mzima mwenye mvi kabla haijamgusa.

Nkatha alikuwa mjane mwenyeji wa Meru, aliyeishi katika mji wa Lanham, Marekani, na kufanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Alikuwa mwanamke wa sala. Alisali kabla ya kuwasha gari, na alisali tena baada ya kulizima. Mwanawe wa pekee, Tobias, alipomwambia kwamba anampenda mwanamume mwenzake, Nkatha alifunga, akaomba, akalia. Mwishowe alimwita akamwambia, "Mwanangu, sielewi. Lakini sikukuzaa ili nikutupe."

Tangu hapo alijitahidi kuelewa. Mwenzake Tobias aliitwa Femi, kijana Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, mtulivu kama maji mtungini. Waliishi pamoja katika fleti moja mtaa wa Shaw. Siku moja Femi alimwambia, "Mama, njoo usome nasi. Huenda kitabu kikakueleza yale ambayo Tobias anashindwa kukueleza."

Ndivyo Nkatha alivyoingia katika kikundi cha wasomaji kilichokutana kila Alhamisi jioni, nyumbani kwa Mwalimu Ama, mama mstaafu ambaye naye alijifunzia Kiswahili ukubwani. Walikuwa watu wachache. Alikuwapo Bridget, muuguzi kutoka Kisii, ambaye ulimi wake haukuwa na mfupa wala breki. Alikuwapo pia Dayo, rafiki wa Femi, aliyekuwa akiandika riwaya ya mapenzi ya wanaume wawili, Respicius na Mandla. Kila wiki Dayo alisoma sura moja kwa sauti, na wenzake wakasema walivyoiona. Sheria ya Mwalimu Ama ilikuwa moja tu: mwandishi akishamaliza kusoma, haruhusiwi kujitetea, wala kuwatetea watu wake wa kitabuni. Aketi, anywe chai, asikilize.

Alhamisi moja Dayo alisoma sura iliyowachafua watu roho. Ndani yake, shangazi zake Respicius walikuja kumtembelea. Kabla hawajafika, Respicius alibandua picha zote ukutani, akamwambia Mandla akalale kwa rafiki. Shangazi walipouliza vile viatu vya pili mlangoni ni vya nani, akajibu kwamba ni vya mpangaji.

"Mpangaji!" Bridget alisema, akaweka kikombe chini. "Huyo mpangaji analipa kodi ya nini, ya busu? Dayo, huyu mtu wako ni mkora. Mtie kisukari katika sura ijayo."

"Mwache hai," Mwalimu Ama alisema. "Bado tuna sura ya mwisho, nayo haiwezi kuwa ya mazishi."

"Mimi ningemzika bila hata chai."

Watu walicheka, isipokuwa Femi. Yeye alikuwa akikizungusha kikombe chake mezani bila kunywa. Dayo alimtupia jicho, kisha akawaambia wengine, "Nina swali moja tu. Mandla amrudie, au asimrudie? Sijaandika bado. Nitaandika mtakavyosema."

Macho yote yakamgeukia Nkatha. Alikuwa mkubwa kati yao ukimtoa mwenye nyumba, na maneno yake yalikuwa na uzito.

"Asimrudie," alisema. "Kumkana mtu anayekupikia na kukufulia si kosa dogo. Huyo ni mwoga, na juu ya woga ni mwongo. Aliyekuficha mara moja amekwisha kukuonyesha chumba atakachokuweka maisha yako yote. Mandla achukue viatu vyake, aende zake."

"Hata akiomba msamaha, Mama?" Femi aliuliza. "Mungu si husamehe?"

"Mungu ana milele yote ya kusamehe, mwanangu. Mandla ana maisha haya tu."

Bridget alipiga makofi. "Amina. Dayo, andika hilo kama lilivyo." Femi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mgonjwa aliyekubali kumeza dawa chungu. Nkatha alirudi Lanham kwa treni akiwa na furaha. Aliona kwamba ameanza kuelewa, hata akamshukuru Mungu kwa kumpa neno zuri mbele za watu.

Jumapili, alipokuwa akitoka kanisani, Tobias alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa imepwaya.

"Mama, Femi ameondoka."

"Ameenda wapi?"

"Ameondoka, Mama. Amechukua nguo zake. Amesema hataki kusikia neno langu hata moja."

"Mmegombana nini?"

Tobias akakata simu.

Kuanzia saa hiyo Nkatha hakutulia. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: anakaa, anainuka, anaingia jikoni, anasahau kilichompeleka. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Alipiga magoti asali, lakini kila alipoanza, sala ilimponyoka, akajikuta anawaza jinsi mwanawe anavyokula peke yake. Alijua Tobias hakuwa na rafiki mwingine wa karibu katika mji ule. Femi alikuwa ndugu yake, mwenzake na nyumba yake. Asiporudi, Nkatha aliona, mtoto wake atanyauka mbele ya macho yake.

Siku iliyofuata alikuwa na mgonjwa katika mji wa Upper Marlboro, na Femi alikuwa karani katika ofisi moja huko huko. Nkatha alimwandikia ujumbe. Saa ya chakula cha mchana Femi alitoka, akaja akaketi garini kando ya Nkatha.

"Mwanangu," Nkatha alisema, "Tobias amekukosea nini?"

"Mama, baba yake mdogo alipokuja kutoka Karatina, unakumbuka mimi nilikuwa wapi?"

"Baltimore. Tobias alisema umekwenda kikazi."

"Nilikuwa kwenye kochi la Dayo. Tobias alimwambia mzee kwamba kile chumba kina mpangaji."

Nkatha aliushika usukani ingawa gari halikuwa likienda.

"Dayo aliomba kukiandika kisa hicho," Femi aliendelea. "Nikamwambia aandike. Nilitaka watu wasiojua ni nani wamhukumu bila upendeleo. Sikuwaza kwamba hakimu utakuwa wewe."

"Aa, Femi, ngoja kwanza." Nkatha alianza kusema haraka haraka. "Hayo si mambo ya kufananisha. Gichuki, huyo baba yake mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo tangu mume wangu afariki. Tobias alitaka kumpa heshima yake. Halafu huyu mtoto tangu zamani moyo wake ni mwepesi. Akikaripiwa, alikuwa akijificha nyuma ya tangi la maji mpaka giza liingie. Hiyo si roho mbaya. Ni haya tu. Ni malezi."

"Alhamisi uliita woga, na juu ya woga, uongo."

"Alhamisi tulikuwa tukimzungumzia Respicius."

"Ndiyo, Mama," Femi alisema kwa upole. "Nami namzungumzia huyo huyo."

Nkatha aligeukia dirisha. Watu walipita kwenye maegesho wakiwa na makopo yao ya kahawa, wakicheka, naye akawaona kama wako nchi nyingine.

"Umempa nafasi ya kujieleza?" aliuliza mwishowe.

"Nilimwambia aketi anyamaze. Sheria ya Mwalimu Ama." Femi alifungua mlango wa gari. "Sikuondoka kwa ajili ya maneno yako peke yake, Mama. Nilikuwa nimesimama mlangoni siku nyingi. Wewe ulinifungulia tu."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kurudi nyumbani siku hiyo, Nkatha aliipita njia yake ya kutokea kwenye barabara kuu, akalazimika kuuzunguka mji akiwa nyuma ya malori. Alimwambia Mungu, "Bwana, mtoto wa watu nilimfunga bila kumsikiliza. Wangu namtafutia wakili." Alijaribu kulitaja kosa la Tobias kwa jina lake, lakini kila mara ulimi wake ulilitafutia jina lingine, dogo na laini. Alhamisi hakwenda kwa Mwalimu Ama. Alisema anaumwa, na haukuwa uongo mkubwa.

Jumamosi asubuhi alikwenda Shaw. Alimkuta Tobias hajanyoa, mapazia yamefungwa, sinki limejaa vyombo.

"Femi amekwambia," Tobias alisema.

"Ameniambia."

"Nilitaka amani, Mama. Baba mdogo angekaa siku chache tu. Sikuona sababu ya kuwasha moto."

"Nami nilikutetea hivyo hivyo. Nilisema ni heshima, nikasema ni malezi. Nimeyarudia maneno hayo wiki nzima mpaka yamenichosha." Nkatha aliketi. "Tobias, nakupenda kuliko pumzi yangu. Na ulichomfanyia yule kijana ni kibaya. Ulimtoa nyumbani kwake kama kiti kibovu mgeni anapokuja."

Tobias aliinua uso. "Na wewe kanisani, unamwitaje Femi?"

Nkatha alitazama sakafu. "Rafiki yako."

"Basi tuko wawili."

"Basi tuko wawili," Nkatha alikubali. "Mpigie Gichuki. Nipo hapa."

Karatina ilikuwa jioni. Tobias aliweka simu mezani ili wote wasikie. Aliificha mikono yake kwapani.

"Baba mdogo, yule niliyekwambia ni mpangaji, si mpangaji," alisema. "Ni mwenzangu. Nyumba ni yetu sote. Niliona haya kukwambia, nikakudanganya, na yeye nikamwonea."

Walisikia mbwa akibweka upande wa pili.

"Nkatha yuko hapo?" Gichuki aliuliza.

"Nipo, shemeji."

"Unalijua jambo hili?"

"Nalijua. Nami nilikuficha pia."

"Haya. Msinipigie. Nikiwa tayari nitapiga mimi."

Simu ikakatika. Tobias alikaa akiitazama kama mtu aliyeangusha chombo cha thamani. Nkatha alitaka kumpigia Femi papo hapo, amwambie kwamba mtoto wake amelipa gharama, lakini Tobias alimzuia. "Hapana, Mama. Wewe umeshasema ya kutosha, hapa na kule. Nitakwenda kumwambia mwenyewe, na akiniambia ninyamaze, nitanyamaza."

Alinawa uso, akavaa koti, akatoka. Nkatha alibaki na vyombo. Alipomaliza kuviosha aliviosha tena, kisha akarudi Lanham bila kujua lolote. Siku zilizofuata Tobias alimwandikia maneno mafupi tu, kwamba yu salama na kwamba amwombee. Naye alimwombea, akitembea kutoka chumba hadi chumba, kwa kuwa magoti hayakukubali kutulia.

Alhamisi ilipofika alijikaza akaenda kwa Mwalimu Ama. Alikuwa amekwisha kuketi wakati Femi alipoingia, na nyuma yake alikuwapo Tobias, amenyoa, anatembea kama mtu anayeingia kanisa asilolijua.

"Huyu ni Tobias, mwenzangu," Femi aliwaambia. "Ni mtoto wa Mama Nkatha. Sura ya mpangaji Dayo aliiandika kutokana na yeye."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Bridget alimpima Tobias kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ndiye huyu tuliyekuwa tukimtukana?" alisema. "Mbona ana uso wa mtu wa kwaya?"

"Mlisema kweli, dada," Tobias alijibu. "Sikuja kujitetea."

"Keti, ndugu yangu. Mkosaji naye hunywa chai."

Dayo alikunjua karatasi zake, akasema kwamba sura ya mwisho imemshinda. Akauliza tena: Mandla amrudie Respicius, au asimrudie? Safari hii Nkatha alifunga kinywa chake, akamwachia neno mwenye kidonda.

"Amrudie," Femi alisema.

"Kwani amebadilika nini?" Bridget aliuliza. "Mwoga ni mwoga. Kesho akija shangazi mwingine, utatuambia."

"Si mwoga hivyo," Femi alisema. "Ni mtu wa kuchelewa tu. Ujasiri wake huja, ila huja kwa miguu."

Bridget alitazama dari. "Jamani, huyu naye tumeshampoteza."

Mwalimu Ama alicheka mpaka akafuta miwani. Nkatha hakucheka. Alimwangalia kijana wa watu akimtafutia mwanawe jina laini, kama yeye mwenyewe alivyolitafuta wiki nzima barabarani na jikoni. Kosa lilikuwa pale pale, hakuna aliyelifuta, na Gichuki alikuwa hajapiga simu. Lakini Femi alikuwa amevuta kiti chake karibu na cha Tobias, akampa nusu ya andazi lake. Nkatha akajua kwamba wahenga hawakukosea: ukipenda, chongo huita kengeza.