Siti ya Mguu wa Mama

Wapendwa, leo nimepanda hapa madhabahuni na hasira, na sitaificha. Nitawapa habari ya mama mmoja na mguu wake, kisha mtapima wenyewe kama hasira yangu ina haki au haina.

Mama huyu alikuwa mjane wa huko Kagera, mwanamke wa migomba na kahawa. Mumewe alikufa mapema, akabaki na watoto, akawalea na kuwasomesha wote kwa jembe. Mwaka mmoja wa mvua nyingi aliteleza shambani akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akaangukia goti, goti likavunjika. Likaungwa vibaya. Likafunguliwa, likaungwa tena, likazidi kuharibika. Mwishowe daktari akawaita watoto akawaambia mama apelekwe India, kwamba huko wapo watu wanaoweza kulifungua goti lile na kulipanga upya.

Akaongeza neno. "Safari ni ndefu. Mguu huu usining'inie. Unyooshwe juu ya kiti njia nzima, la sivyo damu itaganda ndani."

Watoto wakachanga. Binti yake Adventina, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumgeuza kitandani, aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Washarika wa kanisa lake nao wakachanga. Wakanunua tiketi ya mama, tiketi ya mtoto wa kumsindikiza, na siti nyingine pembeni ya mama, isiyo na abiria. Siti ya mguu. Mnanielewa? Watu waliununulia mguu siti. Na wengi wa waliochanga hawajawahi kuona ndani ya ndege, wala hawataona.

Wa kumsindikiza akachaguliwa kijana mkubwa, Byabato. Yeye alikuwa mtu wa ndege. Kazi yake ya Dar es Salaam ilimpeleka leo Nairobi, kesho Dubai. Kiingereza anacho, viwanja anavijua. Ndugu zake wakamkabidhi mama kama mtu anavyokabidhiwa yai.

Wakafika uwanjani Dar. Byabato akamsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, akamwegesha kando ya nguzo, akaenda kaunta. Mama akawa anamtazama kwa mbali. Alimwona anatoa kadi. Dada wa kaunta akabofya kompyuta, akatikisa kichwa. Wakazungumza tena, wakainamiana. Kisha Byabato akacheka, na yule dada akacheka. Moyo wa mama ukatulia. Akajisemea, kumbe mwanangu anaheshimika mahali hapa.

Byabato akarudi ameinamisha uso.

"Mama, ndege imejaa. Ile siti yako ya pili wameichukua."

"Wameichukua? Si ilikwisha kulipiwa?"

"Ndivyo yalivyo mashirika haya. Utavumilia?"

"Nitavumilia, baba. Maadamu wewe uko pembeni yangu."

Hapo Byabato akakohoa. "Hata hilo, mama. Mimi wamenihamishia mbele."

"Mbele wapi?"

"Kule kwa watu wakubwa. Mtu akisafiri mara nyingi, shirika linamwekea pointi. Zikifika kiwango anakaa mbele kwa tiketi ile ile. Nisipozitumia zinaoza. Lakini ndege ni moja, mama. Katikati ni pazia tu."

Mama akafikiri kidogo. "Na mimi nina pointi ngapi?"

"Wewe huna, mama. Hii ndiyo safari yako ya kwanza."

Naona mnacheka. Huyu ni mwanamke aliyembeba Byabato mgongoni kwenda zahanati kwenye tope, akakesha naye surua ilipomshika, akauza kahawa mbichi mtini ili kijana apate ada. Mwanamke huyo anaambiwa hana pointi. Kama bado inachekesha, chekeni.

Ndani ya ndege Byabato alimfikisha mama kwenye siti yake, kule nyuma karibu na choo. Akamfunga mkanda, akamtandazia shuka magotini, akaenda zake. Pazia likafungwa.

Kwenye siti ya pembeni, ile ya mguu, akaja mwanamume wa makamo, mtu wa Dodoma, mnunuzi wa ng'ombe minadani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mama hakusema lolote kuhusu mguu. Aliona haya. Utamwambiaje mtu mzima, na tiketi yake mkononi, kwamba amekalia mahali pa goti lako? Basi mguu ukaning'inia. Ndege ikapaa, ikanyooka, watu wakaletewa chakula, na mguu ukaanza kujaa. Ukajaa mpaka ngozi ikang'aa. Mama akauma upindo wa khanga. Kila mara macho yake yalikwenda kwenye lile pazia. Alipozidiwa alimshika mkono mhudumu, akamwonyesha mbele, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Niitie mwanangu." Mhudumu akaenda. Aliporudi aliunganisha viganja vyake, akaviegemeza shavuni.

Amelala, wapendwa. Kule mbele viti vinakunjuka vikawa vitanda. Huku nyuma mama yake hana pa kuweka mguu.

Yule bwana wa pembeni akaona machozi. "Mama, unaumwa?"

"Ni mguu huu. Ulitakiwa unyooke."

"Sasa mbona hukusema?"

Akainama, akamvua mama kiatu, akauinua ule mguu kwa mikono miwili taratibu, akaulaza juu ya mapaja yake mwenyewe.

"Utachoka, mwanangu."

"Mama, nimebeba ndama maisha yangu yote. Huu ni mguu tu."

Mama akacheka huku analia. Wakaanza kuzungumza. Yule bwana akamweleza mama kwamba anakwenda kumpa mdogo wake figo. Mdogo wake alikuwa amelazwa huko, hali mbaya, na yeye amecheleweshwa na viza, ndege ya kwanza ikamwacha.

"Na hii nayo ingeniacha," akasema. "Nilisimama pale kaunta naambiwa imejaa. Mungu akaleta bwana mmoja."

"Bwana gani?"

"Simjui. Kijana nadhifu, koti la kijivu. Alitaka kukaa mbele, pointi zake zikawa hazitoshi. Akamwambia dada ana siti ya ziada haina mtu, wairudishe, thamani yake wamjazie kwenye pointi. Ndiyo hii nimekalia. Ningemjua ningemshukuru."

Koti lile la kijivu mama alilijua. Lilikuwa limesimama nyuma ya kiti chake tangu asubuhi. Akaukumbuka ule ukaribu wa kaunta na kile kicheko. Akamkumbuka Adventina akimfungua kamba ng'ombe wake na kumkabidhi kwa mnunuzi bila kugeuka nyuma.

Msidhani hakukasirika. Alikasirika mpaka akalivuruga shuka mikononi. Lakini hakumwambia yule bwana kwamba kijana huyo ni mwanawe. Angemwambia, mtu yule asingeweza tena kukaa kwenye siti ile kwa amani, na alikuwa anakwenda kutoa figo.

Ndege ikatua. Pazia likafunguliwa, Byabato akaja nyuma, amenawa uso, ananukia sabuni ya kule mbele.

"Umesafirije, mama?"

Akaukuta mguu wa mama yake umelala mapajani kwa mtu asiyemjua. Yule bwana akainua macho. Akaliona koti. Akautazama mguu, akamtazama tena mwenye koti, na nikwambieni, hakuna polisi anayeweza kumtazama mtu namna hiyo. Kisha akamgeukia mama.

"Nisamehe, mama."

"Wewe hukunikosea," mama akasema. "Aliyenikosea anajijua."

Kule hospitali wakakuta damu imeganda. Wakaacha habari ya goti, wakahangaika kwanza na kuokoa uhai. Wiki zikapita mama akiwa kitandani, sindano asubuhi, sindano jioni. Walipokuja kulifungua goti alikwisha dhoofika, na wakaweza kulinyoosha nusu tu. Muda wote huo Byabato aliketi kando ya kitanda akizungumza habari za hali ya hewa. Mama akimjibu ndiyo, hapana. Alirudi nyumbani kwa magongo mawili, na kazi ya shamba ikawa imekwisha.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo hasira yangu inapoanzia.

Waliporudi, kanisa lao likaandaa ibada ya shukrani. Byabato akatoa bahasha nene, akapewa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," akasema. "Ndugu zangu, nina ushuhuda. Mimi nilikatiwa tiketi ya nyuma. Nyuma kabisa. Lakini Mungu wangu akasema hapana, mtoto wangu hakai nyuma. Akanipandisha, akaniketisha mbele na wakubwa, kwa tiketi ile ile. Na wewe uliye na imani, mwaka huu Mungu anakubadilishia siti."

Kanisa likalipuka. Makofi, vigelegele, watu wakasimama juu ya viti. Mwimbaji akaanzisha pambio. Wengine wakabadilishana siti pale pale, kama ishara ya kupokea. Hata Adventina alipiga makofi, kwa kuwa hakujua.

Yule mama akanyoosha gongo moja juu mpaka pambio likafa. Akaletewa kipaza sauti pale alipoketi. Hakupandisha sauti.

"Nilikuwa kwenye ndege hiyo hiyo," akasema. "Siti aliyoirudisha mwanangu ili akae mbele ilikuwa ya mguu wangu. Ninyi ndio mlioichangia. Mguu ukabebwa mapajani na mtu wa Dodoma, ambaye jina lake sikuliuliza, na hilo linanisikitisha. Sasa nawauliza, kwa sababu nimewaona mkisimama. Huyo Mungu mliyempigia makofi, siku ile alikuwa amekaa siti ipi?"

Mchungaji wao akafungua Biblia, akaifunga. Adventina akamtazama kaka yake, akashusha mikono yake polepole kutoka kifuani. Byabato akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mtataka kujua kama baadaye walipatana. Sitawaambia. Nawajua ninyi; mkisikia walipatana mtafarijika, mtakwenda kula wali, na habari itakuwa imewahusu watu wa Kagera.

Haiwahusu watu wa Kagera. Byabato ni mtu mmoja, na Byabato alidanganya, kwa hiyo angalau alijua kwamba anatenda ovu. Mimi nawakasirikia waliosimama juu ya viti. Hawakuuliza. Mtu anasema ameinuliwa, nasi hatuulizi ameinuliwa kwa kumkanyaga nani. Kijana anarudi na gari, tunasema Mungu ni mwema. Wajane waliodhulumiwa kiwanja chao wameketi safu ya nyuma wanatusikia. Mtu anapata cheo, tunamwekea mikono. Aliyetolewa kwenye cheo hicho kwa fitina yuko nyumbani na watoto wake. Sisi tumefanya neno baraka kuwa sabuni. Kila kitu kichafu tunakileta hapa, tunakifua kwa makofi.

Baraka yako ikiwa imetoka kwenye goti la mama yako, nani alikuambia imetoka mbinguni? Kitu hicho kina jina katika amri kumi, na hata watoto wa shule ya Jumapili wanalijua. Wizi.

Na msiseme mchungaji anawasema wengine. Tazameni mbele yenu hapa. Tazameni hii safu ya kwanza. Viti vya sofa, vimefungwa utepe mwekundu kutoka huku mpaka kule. Tangu ibada ianze viko vitupu. Tumevishikia kwa ajili ya waheshimiwa ambao wamepiga simu kwamba hawaji. Hawaji, na utepe bado upo, na mzee wa kanisa amesimama anaulinda.

Na pale mlangoni nimemwona mama mmoja, yule mwenye kitenge cha kijani. Amesimama tangu wimbo wa kwanza. Anabadilisha mguu wa kusimamia, huu, kisha ule. Mmempita wote mlipoingia. Vijana watano wako kwenye benchi mbele yake, wanatazama simu.

Sitaomba. Msifumbe macho, sijasema tuombe.

Mzee wa kanisa, kata huo utepe. Usiufungue, ukate.

Mama, njoo. Usiharakishe. Tutakusubiri.